Wanatufundisha Kusoma Chapa, Hawatufundishi Kumulika

Leo sihakiki kitabu wala filamu. Ninahakiki karatasi ndogo ambayo wengi tunaitupa pamoja na mfuko wake: maelekezo yanayokuja na miwani ya karatasi ya kutazamia jua, au na kipande cha utando wa filta cha kufunga mbele ya darubini. Ni maandishi sawa na maandishi mengine. Yana mwandishi, yana msomaji ambaye mwandishi alimuwaza, na yana mambo ambayo yameyanyamazia. Hukumu yangu naitoa mapema ili mtu asisubiri: karatasi hizi zinasema kweli karibu kila mstari, lakini zinatuacha mlangoni. Zinatuambia tutafute chapa. Zinatuambia tusitumie filta yenye kasoro. Namna ya kuiona hiyo kasoro, njo kitu hazisemi.

Kwa nini tuzungumze habari hii sisi wa Likasi, wakati kuna mambo ya umeme, ya barabara na ya kazi? Kwa sababu tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa, na njia ya kivuli itapita Angola, Zambia, kusini mwa Kongo yetu na Tanzania kabla ya kuvuka bahari kwenda India. Kwetu mwezi wa Mei mvua imekwisha, mawingu ni machache, na jambo lenyewe litakuwa asubuhi. Kwa hiyo watu wataona, wakipenda wasipopenda. Tena itakuwa eklipsi ya pete: mwezi utaingia katikati ya jua bila kulifunika lote, na ukingo utabaki unawaka kuzunguka. Wale waliokuwa Lusaka tarehe 21 Juni 2001 waliweza kuondoa filta kwa dakika tatu hivi, maana pale jua lilifunikwa kabisa. Kwenye pete hakuna dakika ya namna hiyo, ata sekunde moja. Tangu mwanzo mpaka mwisho jicho liko nyuma ya filta.

Na sisi watu wa Katanga si wageni wa mambo haya. Tarehe 1 Septemba 2016 kivuli cha pete kilitoka upande wa Gabon, kikapita Kongo zote mbili, kikaingia Tanzania, ambako watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kukitazama. Likasi tuliona jua limeliwa sehemu kubwa. Kabla miezi sita haijaisha, tarehe 26 Februari 2017, pete nyingine ilitoka Chile na Argentina, ikavuka Atlantiki, ikamalizikia upande wetu jua likiwa linazama. Mwaka ule wa 2016 nilikuwa ndiyo kwanza nimepata diploma ya Serikali, na nakumbuka vizuri vifaa vya avenyu yetu: beseni la maji, klishe ya radiografi iliyotolewa chini ya godoro, na kioo cheusi kilichoazimwa kwa mafundi wa kuunga vyuma, basudere wetu.

Nikae kidogo kwenye beseni, kwa sababu njo kifaa kinachoheshimiwa kuliko vyote na wazee. Maji yakitulia, uso wake unarudisha karibu asilimia 2 ya mwanga wa jua lililo juu ya kichwa. Inaonekana ndogo. Lakini kanuni ya kimataifa ya filta za macho, ile ya ISO 12312-2, inakataza filta kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga unaoonekana. Gawanya mwenyewe: beseni linakupa zaidi ya mara 600 ya kile kinachoruhusiwa. Na jua likishuka, maji yanarudisha mwanga mwingi zaidi, si kidogo. Basi mtu aliyeinama juu ya beseni akidhani amejificha jua, jua limempata kwa chini.

Kuhusu maonyo tunayoyasikia, nayagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hofu: "Batoto, muingie mu nyumba, jua iko mugonjwa." Mama zetu walisema hivyo kwa upendo, na mtoto aliyefungiwa ndani kweli hakuumia. Lakini onyo hilo linafundisha kitu cha uongo, kwamba jua la siku ile lina sumu ambayo jua la jana halikuwa nayo. Jua ni lilelile. Tofauti ni kwamba siku nyingine hakuna anayelikazia macho, na siku ya eklipsi kila mtu anataka kulikazia. Ndani ya jicho, pale kwenye retina, hakuna mishipa ya kusikia maumivu. Mtu anaungua bila kujua, analala, na kesho yake anakuta doa katikati ya kila kitu anachokitazama. Mwaka 2017 jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha habari ya mwanamke kijana wa New York ambaye madaktari walipopiga picha ya retina yake walikuta kovu lenye umbo la mwezi mwandamo, yaani umbo lilelile la jua alilokuwa amelitazama siku ya eklipsi.

Fungu la pili ni la chapa. Hili njo la karatasi zetu, njo la ujumbe unaozunguka kwenye simu kila eklipsi inapokaribia: hakikisha miwani yako ina maandishi ya ISO, umemaliza. Hapa agronomu ndani yangu anaamka.

Sisi tuliosoma kilimo tumefundishwa na soko lenyewe kwamba mfuko na kilicho ndani ya mfuko ni vitu viwili. Mfuko unaweza kuwa wa kweli na mahindi ya ndani yakawa ya kula, yaliyopakwa rangi. Chupa inaweza kuwa na jina zuri la dawa na ndani mkawa maji yenye harufu. Mkulima mwenye akili anasoma mfuko, ndiyo, lakini kisha anachukua mbegu 100, anazifunga katika kitambaa kibichi, na baada ya siku chache anahesabu zilizoota. Hakuna profesa anayemwambia mkulima kwamba maandishi yanatosha. Kwenye jua, ambako hasara si hekta moja bali ni jicho, tunaambiwa maandishi yanatosha.

Na historia inanipa nguvu. Kabla ya eklipsi ya tarehe 21 Agosti 2017 Marekani, soko lilijaa miwani yenye chapa ya ISO iliyobandikwa na watu ambao hawakuwahi kupima chochote. Amazon ilibidi iwaandikie wanunuzi na kuwarudishia pesa. Chama cha wanaastronomia wa Marekani, AAS, ambacho mwanzo kiliwaambia watu watafute chapa, kikabadilisha shauri lake: usitafute chapa tu, tafuta muuzaji anayeaminika, na kikatoa orodha ya wauzaji. Shauri zuri kwa mtu wa Chicago. Mtu wa Kikula au wa Panda atafanya nini na orodha ya wauzaji ambao hawajawahi kukanyaga Likasi? Kwetu filta inafika kwa mkono: imetoka kwa shemeji, ikapita kwa mwalimu, ikalala ndani ya kitabu miaka mitano. Ata kama siku ilipozaliwa ilikuwa nzuri, leo ni filta nyingine.

Sasa nije kwenye pakiti iliyonisukuma kuandika. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ng'ambo alituletea miwani 40 ya karatasi, pamoja na kipande cha utando kama ukubwa wa karatasi ya A4. Zilikuwa zimetumika kidogo. Mwalimu mmoja wa fizikia ninayemfahamu aliziomba kwa ajili ya darasa lake, si kwa eklipsi, bali kwa kutazama madoa ya jua. Ni wazo zuri sana, nasema wazi. Mwezi wa Mei 2024 kundi moja la madoa, lile lililopewa namba AR3664, lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu aliliona kwa miwani ya karatasi bila darubini yoyote. Ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Kampuni siitaji, maana zote zinaiga maneno yaleyale.

Mstari wa kwanza ulikuwa chapa, nimeshauzungumzia. Mstari mwingine ulisema usitazame zaidi ya dakika tatu mfululizo, mwingine ukasema tupa miwani baada ya miaka mitatu. Mistari hii miwili ni urithi wa zamani. AAS yenyewe inaeleza kwamba filta inayotimiza kanuni ya sasa, ikiwa nzima, haina mwisho wa miaka mitatu wala haihitaji saa ya kuhesabu dakika. Ona basi matokeo yake huku kwetu: mtu mtiifu anatupa filta nzima kwa sababu ya kalenda, na mtu asiyekuwa na nyingine anavaa iliyotoboka kwa sababu kalenda bado. Karatasi imetoa tarehe fasi ya kutoa jicho la kupimia.

Halafu njo ule mstari wenyewe: usitumie kama utando umekwaruzwa, umetoboka, umechanika au umeharibika. Ni sentensi sahihi kabisa. Lakini jaribu kuitii. Shika miwani mchana, igeuze geuze, utaona nini? Kitu cheusi au cha kung'aa kama kioo. Tundu la upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita halionekani hivyo. Ni kama kumwambia mfugaji asiweke yai bovu chini ya kuku bila kumwambia kuhusu taa.

Na taa njo jibu. Wenzangu wa zootekni wanakumbuka kumulika mayai: unaingia mahali penye giza, unaweka yai juu ya mwanga, na ufa ambao mkono haukuusikia unawaka kama uzi. Utando wa filta unamulikwa vilevile. Ngoja usiku au funga chumba kabisa. Washa toshi ya simu, kwa maana kila mtu anayo. Usianze kwa jua. Jua si taa ya kujaribia, kwa sababu kama kuna tundu utalijua kwa jicho lako. Weka utando karibu kabisa na toshi, karibu kuugusa, kisha zungusha polepole, sehemu kwa sehemu, ukitazama kutoka upande wa pili. Filta nzuri inaonyesha giza, na pale penye balbu yenyewe labda mwanga hafifu sana, sawa na kaa la mwisho kwenye imbaula. Filta mbovu inaonyesha nyota. Kila nyota ni tundu. Msitari unaong'aa ni mkwaruzo uliofika chini au mkunjo uliopasua rangi. Kisha mulika ukingo, fasi utando unapoingia katika karatasi, maana gundi ikiachia, mwanga unapita pembeni na wewe huangalii huko. Kisha geuza, rudia upande wa pili.

Lazima pia ujue kisichokuwa kasoro, vinginevyo utatupa mali. Utando mwembamba wa darubini, kama ule wa AstroSolar wa kampuni ya Baader ya Ujerumani, unatakiwa kukaa umelegea na mawimbi mawimbi; kuuvuta ukaze kama ngoma njo kuuharibu. Mawimbi si shida. Mkunjo mkali, ule wa kukunja barua, njo shida, kwa sababu chuma kilichopakwa juu kinapasuka kwenye kona. Utando ule umepakwa pande zote mbili, na sababu yake ni rahisi: tundu la upande mmoja lifunikwe na rangi ya upande wa pili. Kuna na aina nyingine, plastiki nyeusi ambayo weusi wake umechanganywa ndani ya unga wote, haukupakwa juu. Hiyo inavumilia mikwaruzo zaidi. Lakini karatasi ya maelekezo haikuniambia nimeshika ipi. Na kwa sababu tuko kwenye mambo ya kung'aa, niseme hili: karatasi ya biskuti au ya chipsi inafanana na filta kama ndugu mapacha. Imulike mara moja tu, utaona mbingu nzima ya nyota.

Katika zile 40, nilitenga 9. Tano zilikuwa na nyota, tatu zilipasuka kwenye mkunjo wa katikati ya pua, moja utando ulikuwa umeanza kuachia gundi. Mwalimu hakufurahi. Darasa lake lina watoto karibu 60, na alikuwa amekwisha kupanga kugawa. Akachukua moja ya zile tano, akaitazama juu ya toshi, akacheka: "Aka katundu kadogo hivi, itafanya mutoto nini?"

Swali lake ni zuri kuliko maelekezo yote, na linastahili hesabu, si kelele. Chukua filta ya kawaida inayopitisha sehemu moja kwa 100,000. Chukua mboni ya mtoto imefunguka milimita 3, kwa sababu nyuma ya filta ni giza na mboni inapanuka. Tundu la sehemu moja ya kumi ya milimita lina eneo ambalo ni moja kwa 900 ya eneo la mboni. Kwa hiyo likikaa mbele ya mboni, tundu peke yake linaingiza mwanga unaozidi mara 100 ule unaopita katika filta yote inayobaki mbele ya mboni. Ndiyo, mwanga unaopita katika tundu jembamba hutawanyika kidogo na hauangukii nukta moja, lakini ukiupunguza mara nne bado uko mbali juu ya mpaka wa ISO. Na katika mboni iliyopanuka, jicho limepoteza mlango wake wa kawaida.

Sasa weka tundu lilelile mbele ya darubini yenye lenzi ya milimita 70, utando ukiwa umefunga mbele. Hesabu inageuka kabisa. Tundu ni moja kwa 490,000 ya mlango wa mwanga, na linaongeza karibu sehemu ya tano tu ya mwanga unaopita kwenye filta. Picha inafifia kidogo, hakuna zaidi. Njo maana wanaastronomia wa nyumbani wanaweza kuziba tundu moja dogo kwa nukta ya rangi nyeusi na kuendelea na kazi. Mtu akisoma hivyo akaenda kupaka rangi nyeusi kwenye miwani ya mtoto, ameelewa nusu. Na ata kwenye darubini msamaha huo ni wa nukta ndogo. Tundu la milimita moja, mbele ya lenzi ileile, linaingiza mara 20 ya filta yote. Hapo hakuna rangi, ni kubadilisha. Karatasi yangu ya maelekezo ilikuwa moja kwa miwani na kwa utando wa darubini, maneno yaleyale, kama vile mlango wa milimita 3 na wa milimita 70 ni mlango mmoja.

Kwenye darubini kuna kasoro nyingine isiyokaa katika utando: namna ulivyofungwa. Upepo wa mwezi wa nane Likasi unajua kufungua kilichofungwa kwa plasta moja. Filta ikidondoka mtu akiwa ameweka jicho, hakuna muda wa kusema "ee". Tikisa, puliza kwa nguvu, inamisha darubini chini, ndipo uilekeze juani. Na vile vioo vidogo vinavyoandikwa "SUN", vya kufunga upande wa jicho kwenye darubini za bei ndogo, usivimulike wala usivipime. Vinakaa pale ambapo lenzi imekwisha kukusanya joto lote, na vinapasuka ghafla. Vilevile miwani ya karatasi haivaliwi nyuma ya darubini ata siku moja. Mambo haya mawili karatasi yangu iliyataja, tena kwa herufi kubwa. Naisifu kwa hilo.

Hapa lazima niwe mkali na njia yangu mwenyewe. Kumulika kunakataa filta mbovu. Hakuthibitishi filta nzuri. Toshi inakuonyesha matundu na nyufa. Haiwezi kukuonyesha kama utando unapitisha miale isiyoonekana, ile ya joto iliyo chini ya nyekundu na ile iliyo juu ya zambarau. Hiyo inapimwa kwa mashine ya maabara. Ni sawa na mbegu katika kitambaa: zikiota 95 umejua ziko hai, hujajua kama ni aina uliyolipia. Kwa hiyo utando ambao hakuna anayejua ulikotoka, ata ukiwa mweusi bila nyota yoyote, mimi simpi mtoto. Njo hapo chapa na jina la muuzaji vinapata kazi yao ya kweli.

Klishe ya radiografi inaanguka kwenye mtihani wa kwanza kabisa: ukiweza kuona taa ya nyumba kupitia humo, au mbavu za mgonjwa, hiyo si filta. Ile ya basudere inahitaji neno zaidi, kwa sababu Likasi ni mji wa vyuma, na kioo cha aina hiyo kinapatikana kuanzia karakana za Shituru mpaka kwenye gereji za barabarani. Kioo hicho kina namba. Kuanzia 12 kinafaa kwa jua, na 14 kinapumzisha macho ya watu wengi. Lakini fundi wa kawaida anafanya kazi yake na 10 au 11, na hizo hupitisha zaidi ya kile ISO inaruhusu. Mara nyingi namba imefutika, au kioo kimejaa vitone vya chuma vilivyoruka. Kama namba haisomeki, ni kioo cha kusudia vyuma tu. Na usipange viwili vya namba ndogo ukidhani umetengeneza kikubwa, kama hujui kila kimoja ni nini.

Jambo ambalo mwandishi wa maelekezo hakuliwaza hata kidogo ni vumbi. Yeye aliwaza mtu mwenye droo safi. Sisi wakati wa kiangazi tuna vumbi jekundu la barabara ya malori ya madini, na vumbi lile ni mawe madogo. Ukilipangusa kwa shati, umesaga utando kwa mchanga. Puliza kwanza, kama inabaki gusa taratibu kwa kitambaa laini kikavu, usitie maji wala sabuni, karatasi italowa na gundi itaachia. Weka miwani ikiwa imelala, kila moja katika bahasha yake, ndani ya kopo la biskuti. Na umulike tena siku unayotumia. Kumulika kwa Januari si kwa Mei.

Kwa darasa la watoto 60 tulikubaliana hivi: miwani 31, mbili mbili, mmoja anatazama mwenzake anahesabu mpaka kumi, akiwa amegeuzia jua mgongo. Walio wachache wanasubiri chini ya mwembe, na siku ya eklipsi huko hawakosi kitu, kwa sababu kila upenyo kati ya majani unachora jua dogo lililoliwa juu ya udongo. Tundu ambalo ni adui kwenye filta njo linafanya kazi pale, na kwenye kipande cha kartoni pia, mradi unatazama chini, si juu. Zile 9 nilizikata kwa mkasi vipande vipande kabla ya kutupa, maana zikitupwa nzima zitarudi barabarani usoni mwa mtoto mwingine.

Lawama yangu ya mwisho ni ya lugha. Karatasi ile ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kichina. Mtoto wa Kikula anayesoma Kifaransa cha darasani hajui neno la Kifaransa la tundu la sindano, na ata ningemwandikia "kasoro" angeniuliza ni nini. Basi mimi na mwalimu tuliandika upya, kwa Kiswahili cha hapa, mistari miwili: "Mbele ya kuangaria jua, ingia mu giza, washa toshi, mulika. Ukiona katundu kanawaka sawa nyota, usivale, rudishia mwalimu." Inaenea vizuri kwenye mkono wa miwani, kwa kalamu ya biki.